Mwezi ishirini na moja Shaabani: kisa cha familia iliyosubiri msimu upite

Kazi yangu ni kuwapangia watu likizo za pwani, hapa Malindi. Kisa hiki ni cha Februari 2025, na wenyewe wameniruhusu nikieleze ili kiwafae wengine wanaotaka kuja baharini msimu mkubwa ukishapita. Nimeondoa majina yao, mji wanakotoka, jina la hoteli na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha. Tarehe nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa kuwa kisa chote kinasimama juu ya tarehe.

## Usuli

Mwanzoni mwa Desemba 2024 alinipigia simu dada mmoja wa bara, mkubwa katika watoto watatu. Wazazi wao ni wastaafu. Baba alikuwa mwalimu wa historia. Goti lake la kulia limechakaa, hutembea na mkongojo, na ana presha ambayo dawa zake lazima azinywe baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa hajawahi kuiona bahari. Pamoja na mkwe mmoja na mjukuu wa miaka mitatu ambaye hajaanza shule, walikuwa watu saba.

Dada alikuwa ameulizia nyumba za wiki ya Krismasi, bei zikamshinda. "Kaka, sitaki makuu," aliniambia. "Nataka mama akanyage maji ya bahari akiwa bado ana miguu. Kama ni kungoja watalii waondoke, tutangoja."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishughulike. Wengi hutaka kuja bei zikishuka, lakini hawajiulizi bei zimeshuka kwa sababu gani. Pwani yetu hujaa mara tatu kwa mwaka: kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi shule zifunguliwe Januari, halafu Pasaka, halafu Agosti, Wataliano wanapofunga kazi zao na kuja Malindi na Watamu. Baada ya kila kilele kuna mteremko, na miteremko hiyo haifanani. Baada ya Pasaka unakutana na masika, na upepo wa kusi umeanza kuamka, bahari imechafuka, na hoteli kadhaa zimefunga milango kabisa. Baada ya Agosti kusi inaanza kulegea, ila mwani bado umelala ufukweni. Baada ya Januari ni kitu kingine: wageni wameondoka lakini joto halijaondoka. Upepo wa kaskazi unavuma hadi Machi, mvua za vuli zimekwisha, na maji ya bahari yanazidi kupata moto wiki hadi wiki. Ukiniuliza mimi, huo ndio wakati bora wa mwaka mzima kwa mtu wa bara ambaye shule haimfungi.

## Kuchagua wiki

Tulikuwa na Januari, Februari na Machi mezani. Januari ilitoka mapema. Ndugu wawili kati ya watatu walikuwa na karo za kulipa, na mfuko wa Januari kila Mkenya anaujua.

Machi ilimvutia dada kwa sababu nyumba moja ya Lamu ilimpa bei iliyokuwa karibu nusu ya ile ya Desemba. Nikamuuliza kama ameangalia Ramadhani inaanza lini. Hakuwa ameangalia. Mwaka ule mfungo ulikuwa unaingia mwanzoni kabisa mwa Machi. Nilimweleza wazi kwamba Lamu ya Ramadhani ni nzuri mno kwa anayeijua: usiku mji unachangamka, watu wanatembeleana, vyakula vya futari vinapangwa barazani. Lakini mchana mikahawa mingi imefungwa, na wenyeji wana haki ya mfungo wao. Mzee mwenye dawa za saa saba mchana na mtoto wa miaka mitatu wangekuwa wanakula kwa kujificha chumbani. Hiyo si heshima kwa mzee wala kwa wenyeji wake.

Ikabaki Februari, na hapo nikaja kwenye jambo ambalo mabaharia wetu hulitazama kwanza na wageni hulitazama mwisho: mwezi wa ngapi angani, yaani ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama.

Nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo lililoamua tarehe na ndilo lililotuumiza baadaye. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kwenye mwezi mosi na mwezi kumi na tano, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Katika mwambao wetu wa Kenya, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Mgeni anayeamka, anakunywa chai, anavaa nguo za kuogelea na kushuka ufukweni saa nne, anakuta bahari imeondoka. Mbele yake kuna miamba, nyasi za baharini na vidimbwi. Wengi hudhani wameuziwa pwani mbaya.

Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, au siku moja mbili baadaye, ni maji mafu. Hapo maji hayaendi mbali na hayaji na nguvu, na saa nne, saa tano asubuhi yanakuwa yamejaa. Kwa mama asiyejua bahari na mtoto mdogo, maji mafu ndiyo maji yao.

Nikafungua kalenda ya Kiislamu. Mwezi ishirini na moja Shaabani ulikuwa unaangukia Alhamisi tarehe 20 Februari. Nikamwambia dada: "Njooni siku hiyo. Siku tano za kwanza bahari itawangojea asubuhi. Mtaondoka Ijumaa tarehe 28, Ramadhani ikiwa mlangoni." Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mwezi haujawahi kunidanganya.

## Malindi, Watamu au Lamu

Watamu ndiko kuna mchanga mweupe na vighuba vilivyojikinga, na kama ungekuwa uamuzi wa kuogelea tu ningewapeleka huko. Zanzibar mdogo wao aliitaja, ikaondolewa siku hiyo hiyo kwa kuwa wazazi hawana pasipoti. Mama alitaka Lamu, kwa sababu miaka mingi nyuma alifundishwa kushona na bibi mmoja wa Lamu aliyemsimulia mji usio na magari.

Tulichagua kukaa Malindi usiku sita na Lamu usiku mbili. Malindi ilishinda kwa mambo ambayo hayaonekani katika picha. Barabara za mji ni tambarare. Kuna hospitali na maduka ya dawa karibu. Na kuna tuktuk kila kona: mtu mwenye goti bovu hawezi kupanda matatu ya kuinama wala pikipiki, lakini tuktuk anaingia kwa kukaa kwanza, kisha anavuta mguu.

Kuhusu ufuo, niliwapangia upande wa kusini, kuelekea hifadhi ya bahari. Ufuo wa mbele ya mji na kaskazini yake una shida yake: Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini ya Malindi, na kaskazi inapovuma huyasukuma yale maji ya tope kushuka upande wa mjini. Mvua za vuli zikiwa nyingi, Desemba bahari ya mbele ya mji inaweza kuwa na rangi ya chai. Kufikia Februari mto umepungua na maji yametulia, lakini kadiri unavyokwenda kusini ndivyo unavyokuwa salama zaidi.

Lamu tulikubaliana tusikae Shela. Shela ndiko kwenye ufuo mrefu, lakini vichochoro vyake ni vya mchanga, na mkongojo huzama mchangani. Tukatafuta nyumba katika mji wenyewe, karibu na bahari, yenye chumba cha kulala chini. Nyumba za Lamu ni ndefu na ngazi zake ni za mawe, nyembamba, zenye vipandio virefu. Dada alipoambiwa na mwenye nyumba kwamba vyumba vyenye upepo viko ghorofa ya pili, alisema hapana, baba atalala chini.

## Siku tisa

Safari ya kuja nilitaka wazee wapande ndege. Mama akakataa. Alisikia kwamba treni ya Nairobi kwenda Mombasa hupita Tsavo na akataka kuona tembo kupitia dirishani. Wakaja wote kwa treni ya asubuhi, kisha gari la kukodi la kilomita 120 hivi kutoka Mombasa. Jua lilikuwa linatua walipofika. Tembo waliwaona, wekundu kwa vumbi.

Hotelini mambo yakaanza vibaya. Hoteli ile niliichagua kwa sababu iko ufukweni, haina ngazi, na bei yake ilikuwa imeshuka kwa karibu theluthi moja. Bwawa la kuogelea lilikuwa tupu. Mafundi wawili walikuwa wamekaa kwenye ngazi zake wakibandua vigae, na mifuko ya simenti imepangwa pale ambapo mtoto alitarajia kurukia. Jikoni palikuwa na mpishi mmoja, wenzake wamepewa likizo. Chumba cha wazee kilitazama kusini, na ukuta wa jengo umekikinga na kaskazi. Upepo unavuma upande wa pili, wao hawaupati. Usiku ule baba alilala kwenye kiti cha veranda.

Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu kwa upole kwamba kila mwaka wageni wa mwaka mpya wakiondoka ndipo wanapokarabati. Alisema kweli. Ni mimi ambaye sikuuliza.

Ijumaa asubuhi saa nne maji yalikuwa yamejaa. Nilikuwepo. Mama alivua viatu akavishika mkononi kana kwamba kuna mtu angevichukua. Akajifunga leso ya pili juu ya gauni. Binti zake wakamshika huku na huku. Maji yalipomfika kifundoni akasimama, akatazama chini, akasema: "Mbona ya moto?" Alidhani bahari ni baridi kama mto wa kwao. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kumbe ni chumvi kweli." Alikaa majini hadi saa sita, maji yakimfika magotini, na mjukuu amekaa mchangani ndani ya maji yasiyo na wimbi. Nimeona wageni wengi wakiingia baharini, lakini asubuhi ile hainitoki.

Kelele za kubandua vigae zilianza kila siku saa mbili. Jumamosi mchana tuliwahamisha. Hoteli ilirudisha pesa za siku zilizobaki isipokuwa usiku mmoja. Nyumba tuliyopata ilikuwa ya chini tupu, imetazama mashariki, ina baraza pana linalopokea kaskazi, na inakuja na mpishi, mama wa makamo mwenyeji wa hapa. Baada ya msimu nyumba za namna hiyo hukaa wazi, na wenyewe hupendelea mtu wa siku nne kuliko kukosa kabisa. Ile ilipatikana kwa simu mbili.

Hapo safari ikatengemaa. Asubuhi mahamri na mbaazi, kisha bahari. Saa sita hadi saa tisa na nusu hakuna anayetoka, kwa sababu jua la Februari halina huruma na presha ya mzee ilikuwa inapimwa kila siku. Jioni tuktuk, kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ambapo baba alisimama akawapa wanawe somo zima la 1498, mfalme wa Malindi na rubani wa kuvuka hadi India. Jumatatu walikwenda Gede, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Njia zake ni za kivuli na tambarare. Mzee alitembea huko kuliko mahali popote pengine.

Mdogo wao alitaka kujifunza kuteleza majini kwa tiara, kaskazini ya Sabaki. Alipofika, upepo ulikuwa umeanza kuchoka. Januari angeupata. Alirudi bila furaha, na sikuwa na la kumfanyia.

Kila siku binti wa pili alimwomba mpishi pweza. Kila siku alijibiwa vile vile: "Mwanangu, ngoja bamvua. Miamba iko chini ya maji, wachokoaji wa pweza hawaendi." Wakala changu wa kupaka na kolekole wa nazi, hawakulalamika.

Jumatano tarehe 26 tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi kupitia Garsen na Witu. Ni zaidi ya kilomita 200, na vizuizi vya polisi ni vingi, kwa hiyo safari hiyo ni ya mchana, na kila mtu awe na kitambulisho mkononi. Tulifika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, kwenye saa sita. Maji yalikuwa yanajaa, boti imepanda hadi karibu sawa na gati. Mzee alinyoosha mguu mmoja, nahodha akamshika kiwiko, akawa ndani. Hatua moja. Upande wa Lamu vivyo hivyo.

Siku mbili za Lamu zilikuwa za mama. Alitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akisimama kila penye mlango wa nakshi, akipisha punda. Siku zile ni za mwisho za Shaabani, watu wanavunja jungu, yaani wanafanya karamu za mwisho kabla ya mfungo. Alhamisi jioni jirani wa nyumba tuliyofikia alileta sinia: wali, samaki, na bakuli la pweza wa nazi. Bamvua lilikuwa limeingia, wachokoaji wameshakwenda miambani. Binti wa pili alikula kimya hadi bakuli likaisha.

Ijumaa tarehe 28 ndege yao ya kurudi Nairobi ilikuwa ya mchana, kutoka uwanja wa Manda, kisiwa cha ng'ambo ya Lamu. Tulipanga boti ya saa nne asubuhi.

Nilipofika gatini nikaona nilichofanya. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, saa nne asubuhi, maji yamekupwa. Boti iliyokuwa sawa na gati siku mbili nyuma ilikuwa chini kabisa, na kati yake na sisi kuna ngazi za saruji zilizotoka majini muda si mrefu: za juu zimekauka, za kati zina utelezi wa kijani, za chini zimeshikwa na vijikombe vya baharini vinavyokata nyayo. Nilizihesabu zile za utelezi. Kumi na moja.

Nahodha alisema tungoje, maji yatarudi. Ndege haingoji. Hamali wawili walijitolea kumbeba mzee mgongoni. Akakataa. "Sijabebwa tangu nikiwa mtoto," alisema, na hakuna aliyemsisitiza. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, akashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mkongojo ameupa mke wake. Mwanawe alikuwa chini yake akirudi nyumanyuma. Ilichukua robo saa. Kwenye ngazi ya tatu kutoka chini kisigino kiliteleza na goti likapinda. Hakupiga kelele, alifumba macho tu. Kisha Manda ngazi zilimngojea tena, safari hii za kupanda.

## Matokeo

Mama alipata alichotaka, na zaidi. Gharama yote ya siku tisa kwa watu saba, pamoja na ule usiku mmoja uliopotea hotelini, ilikuwa chini ya ile ya siku tano waliyokuwa wametajiwa kwa Krismasi. Mtoto hakuugua, presha ya mzee haikupanda. Goti lake lilivimba, akakaa nyumbani wiki mbili bila kutoka, na daktari akamwongezea dawa ya maumivu. Dada alinipigia kunishukuru, na mimi nikamwomba radhi. Alisema hakuna ubaya. Upo.

## Nilivyokitazama kisa hiki baadaye

Kuchagua tarehe kwa mwezi badala ya kwa bei ndiko kulikoiokoa safari. Tungekuja wiki moja baadaye, kwa bei ile ile, mama angeshuka ufukweni saa nne asubuhi akakuta miamba, na wakati maji yanajaa, alasiri, angekuwa amechoka na joto. Hoteli zile zile, ufuo ule ule. Nimewaona watu wakiilaumu Malindi kwa jambo ambalo lingeondoka kwa kusogeza tarehe siku saba.

Kukataa Machi kulikuwa sahihi kwa familia hii, na nasisitiza: kwa familia hii. Vijana wenye afya wanaotaka kuijua Lamu kwa undani, na walio tayari kukaa kwa adabu ya mwezi mtukufu, ningewaambia waje Ramadhani hiyo hiyo.

Kosa la hoteli ni langu. Nilijua, kama anavyojua kila mtu wa kazi hii, kwamba bei ikishuka baada ya msimu kuna kitu kimeondolewa pamoja nayo: wafanyakazi, bwawa, jiko, wakati mwingine umeme wa akiba. Niliuliza bei, ngazi na ufuo. Sikuuliza kama kuna ukarabati, jikoni wamebaki wangapi, na chumba kinatazama wapi. Hilo la mwisho watu hulidharau. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki. Chumba kilichotazama huko hakihitaji sana kiyoyozi, na chumba kilichofichwa nyuma ya ukuta ni tanuri. Kusi ikivuma, hesabu inageuka. Siku hizi naomba picha ya dirisha iliyopigwa siku hiyo hiyo, na namwomba mwenye nyumba asimame penye kitanda na simu mkononi anieleze anasikia upepo au hasikii.

Wapo watakaosema ningewaweka katika nyumba yenye mpishi tangu mwanzo. Nakubaliana nao nusu tu. Familia inayokuja baharini mara ya kwanza hupata utulivu hotelini, kuna mtu wa kumuuliza kila kitu. Lakini kwa watu saba wenye mzee na mtoto, baada ya msimu, nyumba ina faida ambayo hoteli iliyopunguza watu haiwezi kutoa: chakula kinapikwa kwa saa za dawa.

Mdogo wao nilimkosea kwa namna nyingine. Nilimsikiliza dada kwa sababu ndiye aliyepiga simu. Kama ningezungumza na kila mtu mzima angalau mara moja, ningemwambia mapema kwamba upepo wa tiara ni wa Januari, na angekuja na matarajio mengine.

Sasa gati. Hili nimelifikiria kuliko yote. Sikukosa kujua, jedwali la maji nilikuwa nalo, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikiwasomea wenzangu habari za bamvua. Lakini nililisoma kwa jicho la muogaji peke yake. Nilipomaliza kupanga siku za kuogelea nikalifunga, na siku ya kuondoka nikaipanga kwa jedwali la ndege. Maji yale yale yaliyomfanya mzee aingie botini kwa hatua moja Jumatano ndiyo yaliyompa ngazi kumi na moja Ijumaa, na yote mawili yalikuwa yameandikwa mbele yangu tangu Desemba. Tungevuka saa moja asubuhi, maji yakiwa bado nusu, tukakaa kivulini Manda tukingoja ndege. Au ningetafuta ndege ya alasiri, maji yamejaa. Vyote viliwezekana, wala visingeongeza gharama kubwa.

Tangu siku ile, kwenye karatasi ninayompa mgeni, kila mstari wenye boti una mwezi wa ngapi pembeni na saa ya maji kujaa. Kwa mgeni mwenye mguu mbovu naandika pia ngazi ni ngapi maji yakikupwa, na nimezihesabu mwenyewe, Mokowe, Lamu na Manda.

Mwezi wa Agosti dada alinipigia tena. Watu walikuwa wamejaa Malindi, na yeye alikuwa anauliza habari za msimu ukipita. Nyuma yake nilisikia sauti ya mzee ikimhimiza. "Kaka," akasema, "baba anauliza mwezi ishirini na moja wa Mfungo Saba utakuwa lini." Mfungo Saba ni mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Nikafungua kalenda. Kati ya tarehe 13 na 14 Oktoba, kusi imekwisha kulegea na kaskazi haijafika. Nikamwambia waje siku hiyo, na kwamba ndege ya kurudi, safari hii, nimeanza kuitafuta ya saa kumi alasiri.